Kanisa la Watoro

Kwetu Muheza Mwanglikana hukulia ndani ya moshi wa ubani. Misheni yetu ya Magila ilianzishwa na UMCA, wale Waingereza wa vyuo vikuu waliopenda kengele, mishumaa na mavazi ya kutariziwa, na mpaka leo wazee wetu humtilia shaka mtu anayepita mbele ya altare bila kupiga goti. Nilipowaambia wenzangu wa kwaya kwamba nakwenda Mombasa kuyaona makanisa ya wamishonari wa CMS, ndugu zetu wasiofukiza ubani, mmoja akaniuliza nina shida gani na Waanglikana wakavu.

Shida ninayo. Kwa muda mrefu baraza letu la kanisa halina mazungumzo mengine ila kuondoka kwa vijana. Wanahamia kwa mitume na manabii, kwenye mahema yenye spika kubwa na chupa za mafuta ya upako. Wazee wanasema kanisa linakufa. Vijana wanajibu kwamba lilishakufa zamani, sisi tumebaki kulinda makaburi. Cha ajabu ni kwamba pande zote mbili hulitaja kanisa la mwanzo kwa uhakika mkubwa, kana kwamba ziliwahi kusali humo. Wazee wanalikumbuka lenye utii na adabu. Vijana wanalikumbuka lenye moto na miujiza. Nikaona heri nikakanyage pale lilipoanzia, angalau upande huu wa pwani, nijue tunagombea nini.

Basi la kutoka Tanga lilitufikisha Horohoro kabla jua halijawa kali. Tuligonga mihuri, tukabadilisha fedha, tukaingia Lunga Lunga. Tulipoanza kupita mashamba ya Kwale, kijana mmoja mwenye tai akasimama katikati ya basi, akamsifu Bwana, akaombea matairi na dereva, kisha akatoa mfukoni vitambaa vya maombi. Kimoja, alisema, kinafungua njia ya visa. Jirani yangu, mama wa Kidigo aliyevaa buibui, alimpa sarafu bila kuchukua kitambaa. Aliponiona namtazama akacheka: "Si kaliombea basi zima? Na mimi nimo."

Nimeendelea kulifikiria jibu hilo kuliko mahubiri yenyewe.

Mombasa nilianzia Ngome ya Yesu, kwa sababu Ukristo wa pwani hii haukuanza na CMS. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na haukupita muda mapadre wa Shirika la Mtakatifu Agostino wakawa na makao yao kisiwani. Ukisimama kwenye kuta zile, bahari mbele, mizinga yenye kutu pembeni, watoto wa shule wakipiga picha, unaona mara moja kwamba imani ile ilikuja na mlinzi wake. Kiongozi wa watalii alitusimulia habari za uzingirwaji wa ngome kwa ufundi mkubwa. Mimi nilikuwa namtafuta mtoto mmoja.

Alizaliwa akaitwa Yusuf. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na nahodha wa ngome, akavuka kwenda bara kujificha kwa watu wa huko, na mwaka 1614 hao hao waliompa hifadhi wakamuua kwa hongo ya Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Yusuf naye akapelekwa Goa, akiwa bado mdogo, kulelewa na wale mapadre wa Agostino. Wakambatiza, wakamwita Jerónimo, wakamfundisha, na mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa akiwa mfalme Mkristo wa kuonyesha watu. Mpango ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda kwa siri kwenye kaburi la baba yake kumwombea kwa namna ya Kiislamu, na kwamba nahodha alipata habari. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu nahodha Pedro Leitão de Gamboa, kisha Wakristo wa mji wakapewa kuchagua kati ya kuikana imani na kufa.

Waliokataa wakauawa. Wanaitwa wafiadini wa Mombasa, na kwa kawaida wanatajwa kama Wareno. Lakini miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliobatizwa, watu wa hapa hapa, ambao hawakuwa na mzinga wala cheo wala meli ya kuwarudisha Lisbon. Mtu anayetaka somo jepesi anaweza kusema imani ya ngome huishia ngomeni, na ni kweli kwamba baada ya Waomani kuichukua mwaka 1698, Ukristo ule wa karne nzima haukuacha usharika nyuma yake. Nami nilikuwa karibu kulibeba somo hilo. Wale Waafrika wa 1631 ndio walionizuia. Kwao hiyo haikuwa imani ya ngome. Ilikuwa yao, na waliilipia. Kwa Yusuf ilikuwa nyumba aliyoingizwa mtoto na ambayo hapakuwa na mlango wa kutokea ila kwa kisu. Watu waliosali chini ya dari moja, pengine kwa maneno yale yale.

Kutoka kisiwani nilipanda matatu kupitia daraja la Nyali. Upande huo wa bara, karibu na maji, ndipo liliposimama kaburi la Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na CMS, na kabla ya kufika hapa alikuwa amefukuzwa Ethiopia. Alitua Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1844, akapata barua ya Sayyid Said ya kumtambulisha, akafika Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe akafa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Alipopata nguvu aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi kwenye pwani ya Afrika, na walichukue kuwa ishara kwamba kazi imeanza. Nilisoma habari hiyo nikiwa kijana nikaiona ya kishujaa. Safari hii, nikiwa mbele ya mnara wa kumbukumbu, nikiwa baba, niliiona pia kuwa ni kauli ya mtu asiye na kitu kingine chochote cha kuripoti.

Ukirudi barabara kuu unafika Kengeleni, na kengele ipo kweli, juu ya mnara wake mdogo, huku matatu zikipiga honi chini yake na wachuuzi wakipanga viatu vya mitumba. Hapa ndipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Meli za Waingereza zilikamata majahazi baharini, na shehena yake, watu wa Kiyao, Kinyasa, Kimakua na wengine, ikashushwa hapa. Kengele, wanasema wenyeji, iligongwa kuwaonya watu majahazi ya watumwa yalipoonekana. Wazao wao wapo bado. Wanaitwa Wamisheni.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinipeleka kwa bibi mmoja mwenye umri mkubwa aliyekuwa akichambua mchicha barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka Tanganyika?"

Nikamwambia Muheza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba Muheza ilikuwa mtaa wa pili. Bibi yake mzaa baba, alisema, aliletwa mtoto kutoka Nyasa, hakumbuki mto gani wala kijiji gani, na alifundishwa kusoma, kushona na kusali kwa wakati mmoja, hata mambo hayo matatu yakawa kitu kimoja kichwani mwake. Nikamwuliza kama wazee wao walikuwa na furaha hapa. Akaendelea na mchicha. "Waliambiwa wako huru," alisema. "Hawakuambiwa wako huru wapi." Alikuwa anazungumzia ardhi. Wamisheni wengi wanaidai hati hadi leo, na kwa bibi yule habari za ukombozi na habari za hati ni hadithi moja.

Nikauliza kama mababu walipigwa.

"Kumbe wajua," akasema.

Ninajua kwa kuwa imeandikwa. Miaka michache tu baada ya kijiji kuanzishwa, msimamizi wake, mlei aliyeitwa Streeter, aliwaendesha watu waliokombolewa kwa viboko na kifungo. Kelele zilipozidi, mwaka 1881 ubalozi wa Uingereza uliokuwa Zanzibar ukafanya uchunguzi, na mtu yule akaondolewa. Hayo yalitendeka mahali palipojengwa mahsusi ili mtu asichapwe, chini ya kengele ile ile ya kuwaonya watu dhidi ya washika watumwa. Na aliyeyakomesha hakuwa mchungaji wala baraza la kanisa. Ilibidi mtu wa nje aje na daftari.

Nimekutana na waumini wanaoona aibu kutaja mambo kama hayo, eti yanawapa nguvu maadui wa kanisa. Sioni hivyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kwenye kaunti ya Kilifi inayopakana na Mombasa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Siku zile Kenya nzima ilijiuliza jambo kama hilo limewezekanaje, na kwetu Muheza tulijifariji kwamba wale walikuwa wajinga na kanisa lao halikuwa kanisa. Mtu aliyesoma habari za Frere Town hawezi kujifariji hivyo. Anajua kwamba mchungaji aliyepewa watu wasio na pa kwenda, mbali na macho ya wengine, amepewa kishawishi kikubwa, awe na kanisa la mabati au baraka za Canterbury. Swali lake linakuwa la kawaida kabisa, karibu la kiaskari: nani anakagua hapa, na mtu akitaka kutoka anapitia wapi?

Jumamosi mchana nilikwenda Rabai. Matatu ya barabara ya Nairobi inakuteremsha Mazeras, baada ya Miritini na foleni ya malori, na kutoka hapo ni bodaboda juu ya vilima vya minazi. Hewa inabadilika. Mbele ya vibanda wazee wamekaa na vibuyu vya mnazi, na hawakusimamishi njiani kukuuzia kitu.

Krapf alipanda vilima hivi tarehe 25 Agosti 1846 akiwa na mwenzake mpya, Johannes Rebmann. Wote wawili walikuwa na homa, na walikuwa na punda mmoja wa kupokezana. Wazee wa Rabai waliwaruhusu kukaa. Jambo hili huwa linapitwa haraka katika historia za misheni, lakini nadhani lina uzito. Warabai walikuwa na kaya zao, vijiji vitakatifu ndani ya msitu, ambavyo sasa vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Walikuwa na maombi yao, matambiko yao, na sababu nyingi za kumwogopa mgeni atokaye pwani, maana wageni wa pwani walinunua watu. Hata hivyo waliwapa pa kujenga. Mtu wa kwanza kupewa hifadhi Rabai na asirudishwe alikotoka alikuwa Krapf mwenyewe, mgonjwa, mjane, aliyefukuzwa nchi nyingine.

Jengo la kanisa lao la kwanza sasa ni makumbusho. Dada anayelitunza alinionyesha picha na vitabu, akanipeleka nje kuziona nyumba za Krapf na Rebmann, ambazo bado zimesimama. Nilimwuliza wageni humwuliza nini zaidi. "Theluji," akasema. Bila shaka. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, Krapf akauona Mlima Kenya mwaka uliofuata, na wataalamu wa jiografia waliokuwa wamekaa kitini London, hasa William Desborough Cooley, wakakataa katakata kwamba barafu inaweza kukaa karibu na ikweta. Ni kisa kizuri na kila mwongozo hukisimulia. Mimi nilikuja kwa ajili ya Mringe.

Mringe alikuwa kilema. Alikuwa mtu ambaye hangetolewa hesabuni katika kazi yoyote ya kijiji kwa sababu hakuwa ameingizwa. Alikuwa na muda, na akautumia kuzungumza na wageni hawa, hata usiku. Mwaka 1851, akiwa karibu kufa, alibatizwa, na ndiye Mkristo wa kwanza wa Rabai. Akafa. Kwa hiyo hesabu ya miaka mitano ya kwanza ya misheni hii, pamoja na kaburi la Nyali, homa, safari, sarufi ya Kiswahili aliyoichapisha Krapf mwaka 1850, ni mbatizwa mmoja, marehemu. Naijua lugha ya taarifa za parokia, maana nimewahi kuziandika. Taarifa kama hiyo ikisomwa kwetu leo, mhazini angeomba neno kabla ya msomaji hajaketi.

Krapf aliondoka mwaka 1853 na afya iliyovunjika. Rebmann akabaki. Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Alimzika mkewe hapa, akawa anakusanya maneno: Kiswahili, Kinyika, na hata Kinyanja, ambacho alifundishwa na mtumwa aliyeitwa Salimini, mtu aliyetekwa mbali huko Ziwa Nyasa. Baada ya Mringe alikuja Abe Gunja, na mwanawe Nyondo, na wengine wa kuhesabika kwa vidole. CMS ilipotuma watu wapya, walimkuta mzee karibu kipofu, mwenye vitabu vingi na waumini wachache, na haikuwa vigumu kumwona kama kazi iliyoshindikana. Mwaka 1875 akarudishwa Ujerumani, Nyondo akiwa naye kumwongoza njia, akafa mwaka uliofuata.

Nilikaa kwenye ngazi za ile nyumba nikijaribu kuwa mkweli. Ni rahisi kumgeuza Rebmann kuwa fimbo ya kuwapigia manabii wa leo: tazameni uvumilivu, tazameni unyenyekevu. Wazee wa Muheza wangeipenda fimbo hiyo. Lakini uchache nao si fadhila. Inawezekana kabisa mtu akakaa mahali miaka 29 kwa ukaidi, na walioishi naye walimwona mkaidi. Kilichonigusa ni jingine: kwamba baada ya yeye kuondoka Rabai ilijaa watu, na hawakuja kwa mahubiri.

Walikuja wakikimbia. Mashamba ya pwani, Takaungu, Malindi, Mombasa, yalikuwa yanalimwa na watumwa, na katika miaka ya 1880 habari zilienea kwamba kule vilimani, ukifika, huulizwi. Kisheria misheni haikuwa na ruhusa ya kuwapokea watoro, na wakubwa waliwahakikishia wenye watumwa kwamba hawapokelewi. Wakapokelewa. Waliosimamia Rabai miaka hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa watu waliojua maana yake: William Jones na wenzake, waliotekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Nasik nchini India, wakarudishwa huku kumsaidia Rebmann tangu mwaka 1864. Ndani zaidi, Fuladoyo, palikuwa na kijiji kingine cha watoro kisicho na mmishonari hata mmoja, kikiongozwa na Mkristo wa Kigiriama, David Koi. Huyo wenye watumwa walimuua.

Jones alipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington, na mwaka huo huo wakafuatana kwenda Uganda. Hannington alitangulia na watu wachache kutoka Kavirondo. Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones, aliyeachwa na sehemu kubwa ya msafara, akaurudisha nyumbani kwa miguu, karibu nchi nzima ya Kenya ya leo. Walipoingia Rabai Februari 1886 walibeba bendera ya buluu iliyoshonwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina la yule mtoto katika kitabu cha Samweli ambaye mama yake alisema utukufu umeondoka. Nilifikiri juu ya baraza letu. Sisi tunasema kanisa linakufa kwa sababu safu za nyuma ziko wazi. Hawa waliingia kijijini kwao na bendera iliyosema hivyo hivyo, watu wakaiona, wakalia, na usiku ule bila shaka mtoro mwingine akabisha hodi, maana watoro hawakusoma bendera.

Mwaka 1888 idadi yao ikawa haifichiki tena. Wenye watumwa walidai mali yao, na George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akaona vita inakuja. Suluhisho lake lilikuwa kuwalipa. Tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, zilianza kugawiwa hati za uhuru; watoro zaidi ya 1,400 wa misheni za karibu walipewa, wengi wao wakiwa wa hapa. Fedha zilikwenda kwa waliowamiliki. Waliomilikiwa walipata karatasi. Nilimkumbuka bibi wa Kengeleni na mchicha wake.

Jumapili niliingia Kanisa la Mtakatifu Paulo. Hakukuwa na ubani, nami sikuutamani kama nilivyodhani. Kanisa lilijaa kiasi: kina mama wa umoja wao mbele, wazee pembeni, watoto wengi, vijana wa kiume wachache, hadithi ninayoijua. Kasisi alihubiri vizuri juu ya mwana mpotevu, lakini alikaa mno kwa yule kaka mkubwa. Wakati wa matangazo, ng'ambo ya barabara, spika za hema fulani zilianza kupiga, na mzee aliyekuwa anasoma michango ya paa akapaza sauti kidogo, bila hasira, kwa mazoea ya mtu anayefanya hivyo kila wiki. Baada ya ibada nilimwuliza kama hema lile linawachukulia watu.

"Lawachukua," akasema. "Na wengine warudi. Sisi hatuwaulizi."

Hatuwaulizi. Niliipenda, ingawa nilijiuliza kama ni ukarimu au ni uvivu. Kutowauliza watoro mwaka 1885 kulihitaji ujasiri. Kutomwuliza kijana leo amekwenda wapi na kwa nini kunahitaji tu kuwa na shughuli nyingine.

Aliyenirudisha Mazeras ni kijana wa bodaboda mwenye kibandiko cha lile hema kwenye tangi la mafuta. Njiani nilimwuliza alibatizwa wapi. Hapo hapo Mtakatifu Paulo, akasema, na babu yake amezikwa nyuma ya kanisa. Ikawaje akahama? Akapunguza mwendo ili nisikie.

"Mzee, mimi nilikuwa mlevi. Nyumbani walinifukuza, na kusema kweli walikuwa na haki. Hapo kanisani walinisalimu vizuri tu, kila Jumapili, habari yako, nzuri, basi. Kule hemani walinipa mkeka. Nililala mle miezi. Walinipikia. Hii pikipiki mtu wa kule alinidhamini."

Sikuwa na jibu. Kila kitu nilichokuwa nimekisifu tangu jana, mtu aliyekimbia akapokelewa bila kuulizwa, huyu kijana alikuwa amekipata, na hakukipata kwa akina Mringe. Alikipata chini ya turubai, kwa nabii ambaye picha yake kwenye kibandiko ilikuwa imevaa miwani myeusi na saa kubwa. Nikamwuliza kuhusu nabii. Mtu mzuri, akasema. Huwaombea. Wanamletea sadaka ya mwezi, na wakati mwingine anawaambia nani wa kuoa, na hapendi mtu awe na simu wakati wa mfungo.

"Na Shakahola ulisikia?"

"Nani hakusikia? Kule kwetu si vile."

"Labda si vile," nikasema. "Nakuuliza kama mzazi, mwanangu. Siku ukitaka kuondoka pale hemani, kurudi kwa babu yako au kukaa tu nyumbani, utaruhusiwa?"

Tulipita kibanda cha mnazi, tukapita shule, tukaanza kuteremka kuelekea mlio wa malori. Nilidhani upepo umelichukua swali langu. Tulipofika steji akazima pikipiki, akapokea nauli yangu, akaihesabu.

"Mimi sijajaribu," akasema.